Shajara ya mradi: ubao wa kani, chupa za maji na mishale ya penseli

Jumamosi. Mradi wenyewe

Tunatengeneza ubao wa kani, yaani wa nguvu zinazovuta na kusukuma. Plaiwudi ukutani, kapi mbili juu, nyuzi tatu zinazokutana kwenye fundo moja, vizito vitatu, na karatasi iliyobanwa nyuma ya nyuzi. Mwanafunzi anatundika vizito, analiacha fundo litulie linapotaka lenyewe, anaweka alama za nyuzi kwenye karatasi, kisha anaichomoa na kuchora vekta, yaani mishale ya kani, kwa skeli. Mchoro unapaswa kukubaliana na nyuzi. Usipokubaliana, kuna jambo la kutafuta.

Kilichonisukuma ni namna mada ya kujumlisha kani inavyofundishwa katika shule nyingi ninazozijua, yetu ikiwemo. Mwalimu anasimama na chaki: kani ya niutoni 5 (niutoni ni kipimo cha kani) hii hapa, ya niutoni 8 hii hapa, kamilisha msambamba, vuta ulalo, pima, andika jibu. Darasa linanakili. Mtihani ukija wanashika rula na kupata maksi zao. Hakuna uzi uliokazwa, hakuna kitu kilichosogea. Ukimuuliza mwanafunzi ule mshale wa kani tokeo, kani moja inayofanya kazi ya zile mbili kwa pamoja, una maana gani, atakwambia ni mstari unaokatisha msambamba.

Masharti niliyojiwekea ni haya: kila kifaa kipatikane Ngamiani, hapa mjini Tanga, au kwenye mabaki ya karakana, mwalimu mwingine aweze kuunda wake bila kuandika barua ya kuomba fedha, na kila namba ichorwe kwanza ndipo ikokotolewe.

Jumapili. Vizito

Vizito vya maabara vyenye kulabu havitoshi hata makundi mawili. Tumehamia kwenye maji. Lita moja ya maji ina kilo moja, kwa hiyo mililita 100 ni gramu 100, na ukichukua mvutano wa dunia kuwa niutoni 10 kwa kilo, hiyo ni niutoni 1 kamili. Chupa za nusu lita zimezagaa kila kona ya mji. Wanafunzi wameleta mfuko mzima.

Chupa tupu nayo ina uzito wake, gramu kumi na kitu pamoja na kifuniko. Badala ya kuitoa kwenye hesabu kila mara, tumeiweka chupa juu ya mizani ya jikoni na kumimina maji mpaka mizani isome gramu 300, 400 au 500, chupa ikiwa ndani ya hesabu hiyo, kisha tukapiga mstari wa makapeni usawa wa maji. Shingoni, chini ya ile pete ya plastiki, tumefunga uzi wenye kitanzi. Chupa ikivuja tunaona kwa macho, jambo ambalo kizito cha chuma kilicholiwa na kutu hakikuambii.

Kuna aliyeuliza kwa nini 10 wakati kitabu chake kinasema 9.8. Ukitaka niutoni zenyewe, tofauti ni asilimia 2. Kwa kutafuta mwelekeo haijalishi kabisa: pembe za nyuzi zinafuata uwiano wa vizito, na uwiano haujui kama uko duniani au mwezini. Mtu anaweza kuchora mchoro mzima kwa kipimo cha "chupa" na bado akapata pembe sahihi.

Jumanne. Kapi

Kapi ndogo za pazia hazifai. Zinazunguka kwa kujivuta, na kapi inayojivuta inakula sehemu ya kani kabla haijafika kwenye fundo. Kwa fundi wa feni nimepata beringi kuukuu za milimita 22, tundu milimita 8. Bolti ya spana 13 inaingia sawasawa. Kila upande nimeweka washa pana ili uzi usichomoke, na kati ya washa hiyo na beringi kijiwasha kidogo kinachogusa pete ya ndani tu. Bila kijiwasha hicho, washa kubwa inasuguana na pete ya nje na kapi inakuwa kama imepigiliwa.

Jaribio la kapi ni hili. Pitisha uzi, tundika chupa ya gramu 300 kila upande. Zitatulia. Sasa ongeza maji upande mmoja, kijiko cha chai kimoja kimoja, mpaka upande huo uanze kushuka. Kijiko cha chai ni mililita 5 hivi, yaani niutoni 0.05. Beringi zikiwa na grisi yake ya zamani zilimeza vijiko kadhaa bila kutikisika. Tumezibandua vifuniko, tukaziloweka kwenye mafuta ya taa usiku kucha, tukazikausha na kutia tone moja la mafuta ya cherehani. Sasa kijiko kimoja kinatosha kuishusha chupa. Namba hiyo nimeiandika pembeni mwa ubao: kila kapi inaweza kuficha hadi niutoni 0.05. Tutaihitaji.

Alhamisi. Kwa seremala

Plaiwudi ya sentimita 90 kwa 60, fremu ya mbao nyuma isije ikapinda kwa unyevu wa pwani, kulabu mbili za kutundikia. Kazi ndogo. Nimeiandika hapa kwa sababu ya neno la fundi. Nilimwonyesha mchoro: nyuzi mbili zimetoka juu kushoto na juu kulia, zimekutana katikati, kizito kinaning'inia chini. Akaugeuza ule mchoro juu chini.

"Mwalimu, hii si kenchi? Umeilaza chali tu."

Ndiyo yenyewe. Nyuzi zinavutwa, mbao za kenchi ya paa zinabanwa. Mishale inageuka upande, urefu wake unabaki uleule. Robert Hooke, mwanasayansi wa Uingereza, aliliweka jambo hilo kwa Kilatini mwaka 1675, tena kwa herufi alizozivuruga makusudi ili asiibiwe wazo: kama unavyoning'inia uzi laini, ndivyo litakavyosimama tao gumu ukiugeuza. Fundi wangu hakuficha chochote. Akaendelea kunieleza kwamba paa likilala sana kenchi inasukuma ukuta kwa nje, ndiyo maana haruki ile mbao ya chini inayofunga miguu miwili, hata mwenye nyumba akilalamika gharama. Nimemwomba aje siku ya jaribio la uzi uliokazwa mlalo. Amesema atakuja akimaliza milango ya watu.

Jumamosi. Jaribio la kwanza

Tumeanza na 3, 4 na 5, kwa sababu jibu lake kila mtu analijua na kosa lolote litajianika. Chupa ya niutoni 3 imepita kapi ya kushoto, ya niutoni 4 kapi ya kulia, ya niutoni 5 inaning'inia kwenye fundo. Fundo lilisogea, likasita, likatulia kushoto na kulia pasipo usawa: uzi wa niutoni 4 umesimama zaidi, digrii 37 kutoka wima, wa niutoni 3 umelala zaidi, digrii 53. Kati ya nyuzi hizo mbili, pembe mraba.

Mambo mawili ya mkono yaliyotusaidia. Kwanza, lisukume fundo kwa kidole uliache, mara juu, mara chini. Halirudi palepale kabisa, kwa sababu ya msuguano, chukua katikati. Pili, kuweka alama za uzi kwenye karatasi bila kudanganywa na jicho. Uzi uko mbele ya karatasi kwa sentimita moja au zaidi, kwa hiyo ukitazama kwa ubavu unaweka nukta mahali pasipo pake. Tunapachika kipande cha kioo cha kujitazamia nyuma ya uzi, tunafumba jicho moja, tunasogeza kichwa mpaka uzi uifunike taswira yake kwenye kioo, ndipo tunaweka nukta ukingoni mwa kioo. Nukta mbili kwa kila uzi, zikiwa mbalimbali kadiri karatasi inavyoruhusu.

Karatasi ikawekwa mezani. Skeli: sentimita 1 kwa niutoni 0.5, imeandikwa juu ya karatasi kabla ya mstari wowote. Mshale wa kwanza sentimita 10 kuelekea chini. Kutoka kwenye ncha yake, kwa kutelezesha pembetatu ya plastiki ya mkebe wa jometri kando ya rula, mstari sambamba na uzi wa kushoto, sentimita 6. Kutoka ncha hiyo, sambamba na uzi wa kulia, sentimita 8. Kani zikiwa zimesawazika, ncha ya mwisho inarudi kwenye mkia wa kwanza na pembetatu inafunga.

Yetu haikufunga. Lilibaki pengo la milimita 2. Wanafunzi wawili walishakamata raba ili waisogeze ncha, nikawazuia. Pengo ni kipimo kama vipimo vingine. Milimita 2 kwa skeli hii ni niutoni 0.1, vijiko viwili vya chai. Tazama pembeni mwa ubao: kila kapi inaweza kuficha kijiko kimoja, na kapi ziko mbili. Pembetatu imefunga vizuri kadiri beringi zetu zinavyoweza. Mchoro ambao umefunga barabara, bila hata unywele wa pengo, kwa vifaa hivi, ningeutilia shaka.

Jumatatu. Herufi kwenye nafasi

Nimeamua kutumia utaratibu wa Robert Bow, mhandisi wa Uskochi aliyeuchapisha mwaka 1873. Badala ya kuipa kila kani herufi, unazipa herufi nafasi zilizo kati ya kani. Fundo letu lina nyuzi tatu, kwa hiyo nafasi tatu: A, B, C, ukizunguka kama mshale wa saa. Uzi ulio kati ya A na B ni kani AB, na kwenye mchoro wa vekta unakuwa mstari kutoka a hadi b. Kisha b hadi c, kisha c hadi a. Mwelekeo wa mishale unajitokeza wenyewe kwa mpangilio wa herufi, na hakuna kani inayohesabiwa mara mbili.

Kwa kani tatu ni anasa. Kwa kenchi yenye viungo saba au vinane ni lazima, vinginevyo utapotea. Nimewazoesha mapema.

Jumatano. Niutoni 7

Leo makundi yote yamepewa swali moja bila ubao: kani ya niutoni 5 na ya niutoni 8, pembe kati yake digrii 60, tafuta kani tokeo kwa mchoro wa skeli, sentimita 1 kwa niutoni 1. Majibu yaliyorudi yalikuwa ya aina tatu. Wengine 13, hao walijumlisha tu. Wengine 11.4. Na kundi zaidi ya moja lilileta 7, tena 7 kamili, rula haina ubishi, sura zao zimejaa ushindi. Namba ikitoka nzima namna ile mtu huamini amepatia.

Sikusahihisha. Nimewapeleka kwenye ubao na jibu lao. Chupa ya gramu 500 kapi hii, gramu 800 kapi ile (chupa mbili za gramu 400 zimefungwa pamoja), na katikati gramu 700, kwa kuwa kama kani tokeo ni niutoni 7 basi kani sawazishi, ile inayovuta kinyume chake, ya niutoni 7 itoshe kulishika fundo huku nyuzi zikiwa na digrii 60 kati yake. Fundo likapanda. Nyuzi zikafunguka, zikafunguka, zikatulia. Wakapima: 120.

Tukaweka chupa ya lita moja na nusu katikati, tukaijaza mpaka mizani isome gramu 1,140. Fundo likashuka, nyuzi zikajibana, pembe ikasoma 60.

Kilichotokea kwenye karatasi zao ni hiki. Walichora mshale wa sentimita 8, wakaunga wa sentimita 5 kwenye ncha, ncha kwa mkia kama inavyotakiwa, lakini pembe ya digrii 60 wakaipima ndani ya pembetatu. Pembe iliyo kati ya kani mbili ni ile inayoonekana mikia ikiwa pamoja. Ukiunga ncha kwa mkia, unaunyoosha mshale wa kwanza mbele kwa nukta nukta, na digrii 60 unazipima kutoka kwenye mnyoosho huo. Ndani ya pembetatu zinabaki 120. Wao walijibu, kwa usahihi kabisa, swali la kani mbili zenye digrii 120 kati yake.

Namba 7 itabaki kwenye karatasi ya maelekezo ya mradi. Nimechagua 5, 8 na 60 kwa ajili hiyo na sitazibadilisha.

Ijumaa. Ubishi wa chumba cha walimu

Mwalimu mwenzangu wa hesabu ameuona ubao na kusema, kwa upole lakini amesema, kwamba michoro ya skeli ni ya wasiojua trigonometria. Kikokotozi kinatoa 11.36 kwa sekunde. Sisi tumechonga penseli nusu saa kupata 11.4.

Nimemjibu kwa mfano wa Zürich, Uswisi. Mhandisi Karl Culmann alifundisha huko na mwaka 1866 akachapisha kitabu kizima cha kutafuta kani kwa kuchora. Mwanafunzi wake Maurice Koechlin ndiye aliyekuwa na penseli mkononi ofisini kwa Gustave Eiffel mwaka 1884, yeye na Émile Nouguier, walipochora wazo la kwanza la mnara uliokamilika Paris mwaka 1889. Chuma chote kile kilipitia kwenye michoro ya skeli. Wasiojua trigonometria hawakuwamo.

Hata hivyo ana hoja, na mahali pa hoja yake ni kwenye usahihi. Tumekaa tukaupima. Kwa zile kani za 5 na 8 kwa digrii 60, ukikosea pembe kwa digrii moja kwenye kipimapembe, kani tokeo inasogea kwa niutoni 0.05 tu, nusu milimita kwenye karatasi. Unene wa penseli butu. Mchoro unavumilia. Lakini chukua kani ya 8 na ya 7 zilizo karibu kupingana, digrii 170 kati yake. Kani tokeo ni niutoni 1.64. Kosea digrii moja, uchore 171, na inakuwa 1.54, umepoteza asilimia 6, na mwelekeo nao umegeuka digrii mbili na nusu. Mishale miwili mirefu inarudi nyuma karibu juu ya njia ileile na jibu ni kipande kifupi kilichobaki, kila kosa dogo la mishale mirefu limelundikana ndani yake. Hapo ama unachora kwa skeli kubwa mara tatu, ama unashika kikokotozi. Tumekubaliana hilo liandikwe kwenye karatasi ya maelekezo, naye ndiye ataliandika.

Kuhusu skeli, uzoefu wa wiki hizi: mchoro ujaze karatasi. Mwanafunzi anapenda mchoro mdogo uliokaa kona moja ya daftari, eti nadhifu, kisha nusu milimita inamla. Na skeli iwe ya 1, 2 au 5. Sentimita 1 kwa niutoni 3 ni kujitafutia kugawanya kusikoisha.

Jumamosi. Uzi usiokubali kunyooka

Fundi amekuja. Leo hatukutumia kapi. Uzi umefungwa kwenye misumari miwili iliyo usawa mmoja, kizito cha niutoni 10 kinaning'inia katikati, na tunakaza uzi polepole ili ubonyeo upungue. Swali: uzi unavutwa kwa niutoni ngapi?

Mchoro ni uleule. Kizito ni mshale wa wima, sentimita 5 kwa skeli ya sentimita 1 kwa niutoni 2. Kutoka ncha na mkia wake unachora mistari sambamba na pande mbili za uzi. Inapokutana ndipo mvutano unaposomeka.

Uzi ukiteremka digrii 30 kutoka mlalo kila upande, pembetatu ina pande sawa zote tatu: mvutano niutoni 10, sawa na kizito chenyewe. Kwa digrii 10, mistari imekwenda sentimita 14.4 kabla ya kukutana: niutoni 29. Kwa digrii 5, karibu sentimita 29, na karatasi ya A4 ina urefu wa sentimita 29.7. Mwanafunzi aliyekuwa anachora alifika ukingoni mwa karatasi, akaiinamia, akaomba nyingine aiunganishe. Kwa digrii 2 angehitaji sentimita 72, yaani niutoni 143 kwa kubeba chupa ya lita moja.

Kwa digrii sifuri mistari miwili ni sambamba. Haikutani. Uzi ulionyooka kabisa ukiwa na kizito katikati hauwezekani, hata ungekuwa wa chuma, na hapakuhitajika mtu kuusema ukweli huo, karatasi iliukataa. Kikokotozi kwa swali hilohilo kinaandika neno la hitilafu, na mwanafunzi anadhani amebonyeza vibaya. Hii ndiyo hoja niliyokuwa nikiitafuta siku ile chumba cha walimu na sikuwa nayo mkononi.

Fundi akachukua penseli akauchora mchoro wa digrii 15 kinyume, kichwa juu, kenchi yake. Mzigo wa 100 kwenye kilele: kila mbao inabanwa kwa 193, na msukumo wa kwenda nje, chini kwenye ukuta, ni 187. Kwa digrii 30 msukumo ule ni 87. "Ndiyo hayo ninayowaambia," akasema, akiwa amegeuka kuwatazama wanafunzi badala yangu.

Baadaye tukatoka nje kujaribu upande wa faida. Gari likikwama matopeni, madereva hufunga kamba toka kwenye gari hadi mti ulio mbele, wakaikaza kadiri wawezavyo, kisha wakaisukuma kamba kwa ubavu katikati badala ya kuivuta kwa urefu. Msukumo wa niutoni 300, kamba ikiwa imepinda digrii 5 kila upande, unalivuta gari kwa niutoni 1,720. Gari likisogea kidogo kamba inalegea, pembe inakua, faida inapungua, unaikaza upya. Sisi tulikuwa na toroli lililojazwa mchanga na mwembe. Msichana mdogo kuliko wote darasani alilitoa toroli kwenye shimo ambalo wavulana wawili walikuwa wamelivuta kwa kamba ileile likagoma. Kamba iwe nzima, na watu wasisimame kwenye mstari wake: inaweza kukatika, na ikikatika inachapa.

Jumatatu. Nguzo ya kona

Shamba la shule linawekewa uzio na mkuu wa shule ametaka darasa lishiriki. Nguzo ya kona ndiyo inayotuhusu. Nyaya tatu zinakwenda mashariki, tatu kusini, pembe mraba. Tumekadiria niutoni 200 kwa kila waya, kwa hiyo niutoni 600 kila upande. Skeli sentimita 1 kwa niutoni 100. Mishale miwili ya sentimita 6, kani tokeo sentimita 8.5: karibu niutoni 850, ikilenga katikati ya pembe, kuelekea ndani ya shamba.

Mafundi wengi huizuia nguzo kwa waya unaotoka kwenye mwelekeo wa uzio mmoja, labda wawili. Mchoro unasema kizuizi kimoja kinatosha kikikaa kwenye mstari wa kani tokeo, upande wa nje. Tatizo ni kwamba upande wa nje, kwa digrii 45 zile, ni njia ya watu na bodaboda. Waya wa kuvuta nguzo pale utamkata mtu usiku. Basi tegemeo liwe la ndani, gogo lililoegemezwa kwenye nguzo.

Hapo tukachora pembetatu ya pili, ya kutazama kwa ubavu. Gogo linapaswa kusukuma nje kwa niutoni 850. Likiegemea kwa digrii 45, linabanwa kwa niutoni 1,200, na mshale wa tatu unaofunga pembetatu unaelekea chini: niutoni 850 ambazo ardhi inapaswa kuishikia nguzo, kwa kuwa gogo linaing'oa kwa kiasi hichohicho. Waya wa nje ungeikandamiza nguzo. Gogo la ndani linainyanyua. Wanafunzi walidhani wamekosea mshale, wakachora tena kwa herufi za Bow, ukaelekea chini tena.

Tumelilaza gogo hadi digrii 30 kutoka ardhini. Mbano unashuka hadi niutoni 980 na wa kunyanyua unabaki 490. Shimo la sentimita 30 kwa 30, kina sentimita 60, likijazwa zege, lina zaidi ya kilo 110 za zege hata ukitoa nafasi ya nguzo, yaani niutoni 1,100 za kuikalisha chini, mara mbili ya tunazohitaji na ziada. Mchoro huu unachukulia kani zote zinakutana sehemu moja ya nguzo, na nyaya zetu ziko kwa vimo vitatu, kwa hiyo gogo litaegemea usawa wa waya wa kati. Mambo ya kupinda na kuzunguka ni ubao mwingine.

Yaliyobaki: kupaka vanishi ukingo wa plaiwudi, kubadilisha uzi wa fundi viatu ambao umeanza kuchanika kwenye washa ya kulia, na kununua mfuko mmoja wa saruji.